Jenereta Moja, Vyombo Viwili: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Gari

Aghalabu tafsiri ya kiufundi hupimwa mezani, kwa ufasaha wake. Hii tunayoihakiki ilipimwa njiani, katika kona za kupandia Lushoto kutoka Mombo, mwendo wa kilomita zipatazo 33. Ni karatasi ya maelekezo waliyopewa madereva wa idara moja, iliyofasiriwa kutoka katika kitabu cha Land Rover za zamani.

Kwanza tutoe sifa inayostahili. Mfasiri ameandika "mkanda wa feni", "taa nyekundu" na "betri", maneno anayoyajua kila dereva, na amemtaka dereva autazame mkanda kabla ya kulaumu chombo kingine. Utaratibu huo ni sahihi, kwani mkanda ukilegea umeme haufuliwi wa kutosha hata vyombo vyote vikiwa vizima.

Kasoro imo katika neno "jenereta". Mfasiri amelitumia kwa dainamo na kwa altaneta, kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Dainamo hunyoosha mkondo wake kwa komuteta, na injini ikizunguka polepole haichaji. Taa nyekundu kumetameta hapo si ajabu. Altaneta, ambayo Land Rover Series III zilikuja nayo tangu mwaka 1971, hufua mkondo geu unaonyooshwa na dayodi, na huweza kuchaji hata injini ikinguruma taratibu. Basi taa ileile ina maana mbili, na msomaji wa "jenereta" hawezi kujua ni ipi inayomhusu.

Hatari zaidi ni agizo la kuondoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka, eti injini ikizimika ndipo ijulikane kuwa jenereta ni mbovu. Hila hiyo ilizoeleka zama za dainamo, wala hata huko haikuwa salama. Kwa altaneta, volti hupanda ghafla na kuweza kuunguza dayodi. Gari letu lilikuwa zito kuwaka. Tulipofika Soni dereva akalitii agizo neno kwa neno. Altaneta iliyokuwa nzima ikaharibika, na kumbe kosa lilikuwa kutu katika vichwa vya betri. Hatukuthubutu kuzipanda kona zilizobaki usiku kwa taa zinazofifia, tukalala hapo.

Fundi aliyetuhudumia kesho yake, mtu asiyepata kuona orodha yoyote ya istilahi, alitenga mambo matatu: gari halichaji, betri haishiki chaji, kuna kitu kinakula betri gari likiwa limezimwa. Kila moja lina dawa yake. Alipima volti tu, bila kung'oa waya: betri iliyojaa huonyesha kama 12.6 injini ikiwa imezimwa, na hupanda hadi kama 14 injini ikizunguka na chaji ikiwa nzuri. Karatasi imeyafumba yote matatu ndani ya "hitilafu ya chaji".

Tunapendekeza "dainamo" na "altaneta" yabaki maneno mawili, na semi tatu za fundi ziingizwe katika maelekezo kama zilivyo. Kanuni ya dhana moja kwa istilahi moja si pambo la wanaisimu. Inaokoa vyombo, na barabara ya milimani huokoa watu pia. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe mwaka 1967, wafasiri tumezoea kuuliza ofisini. Hapana budi tuzoee kuuliza gereji vilevile. Kuuliza si ujinga.