Sikio la Mkunga

Watu wa Moa hawahitaji kufundishwa maana ya mbali. Ukitoka kijijini, ukiacha mikoko na ngalawa, unaitafuta kwanza barabara ya Tanga–Horohoro, ndipo unashuka mpaka Tanga mjini, Hospitali ya Bombo, penye chumba cha upasuaji. Ndiyo maana namsifu mkunga wa zahanati za pwani hii kuliko bingwa aliyezungukwa na mashine. Huyu wa zahanati hana budi kujua mapema mtoto akiwa hatarini.

Chombo chake cha kusikilizia moyo wa mtoto ni kipembe cha mbao au plastiki, alichokibuni Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Hakina betri. Mkunga hupapasa tumbo mpaka aupate mgongo wa mtoto, akatua kipembe hapo, akaegemeza sikio, kisha akakiachia kabisa, kwani kidole kikikigusa, sikio husikia kidole. Mkono mmoja uko kwenye mshipa wa mama, asije akahesabu moyo wa mzazi akidhani ni wa mwana. Macho yako kwenye saa, dakika nzima. Mapigo 110 hadi 160 ni ya kawaida.

Kuhesabu ni kazi ya kila mwanafunzi. Ufundi uko katika kuichagua dakika. Uchungu ukibana, damu inayokwenda kwenye kondo hupungua, na kitovu kikiwa kimebanwa, moyo wa mtoto huporomoka. Anayesikiliza mama akiwa ametulia ataandika 140 na kwenda zake, na kumbe ndani mtoto anaishiwa hewa. Mkunga hodari husikiliza uchungu unapoachia, ajue kama moyo unarudi upesi au unasuasua. Uchungu ukishakolea, hurudia walau kila nusu saa. Mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Mkunga akiwa na wazazi watatu kwa zamu moja, mwambie hayo uone atakavyokutazama.

Kazi hiyo ya kusikiliza ina ushahidi ng'ambo tu ya bahari. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ilipoanzisha mradi wa PartoMa, silaha kubwa ilikuwa kijitabu cha mfukoni cha mwongozo wa leba na mafunzo mafupi kwa wahudumu wa leba. Watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Mashine nazo zimekuja, kikiwemo kipimo kiitwacho Moyo cha kampuni ya Laerdal ya Norway, kilichojaribiwa katika hospitali za Tanzania. Sina ugomvi nacho, ila nacho kinahitaji mtu wa kuamka.

Kitovu kuzunguka shingo hakumtishi mkunga. Hutokea mara nyingi, na kikiwa kimelegea hukipitisha juu ya kichwa, mtoto akatoka analia. Kinachomtoa jasho ni chupa kupasuka na kitovu kutangulia. Papo hapo mama hupiga magoti, kifua chini, makalio juu, na mkono wa mkunga huingia kukizuia kichwa cha mtoto kisikikandamize kitovu. Mkono huo hautoki mpaka chumba cha upasuaji, kwa matuta yote ya njiani. Na gari la m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wazazi, lazima liitwe, namba 115, bila malipo. Usiku zahanati ikiwa na mhudumu mmoja tu, mkunga humwita mama mkwe wa mzazi aliye barazani aje apige simu, kisha humsemea kwa sauti maneno ya kumwambia dereva.