Filmi «Pi»: Max Cohen na tarakimu 216

Filmi tunayotaka kupima hapa si mpya. Darren Aronofsky aliitoa katika mwaka 1998, nayo ilikuwa filmi yake ndefu ya kwanza. Haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe tu, tena nyeupe kali yenye kuumiza macho. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana, na mwaka ule ule mtengenezaji wake alipewa tuzo ya uongozaji kwenye mashindano ya Sundance, kule Marekani. Wako wanaosema kwamba filmi hii inachezea dini. Sisi hatuoni hivyo. Kosa lake liko pahali pengine.

Max Cohen anakaa peke yake katika mtaa wa Wachina mjini New York, nyuma ya mlango wenye makufuli mengi. Nyumba yake imejaa nyaya na vyuma vya mashini ya kuhesabu, ordinateri aliyoipa jina la Euclid. Alipokuwa mtoto wa miaka 6 mama yake alimkataza kutazama jua, naye akalitazama. Sasa kichwa kinamuuma mpaka anaanguka chini. Anaamini neno moja: kila kitu duniani chaweza kuandikwa kwa hesabu. Basi, hata bei za soko la hisa, zinazopanda na kushuka ovyo, sherti ziwe na mpango uliofichwa. Siku moja mashini inakufa mikononi mwake, lakini kabla ya kufa inatoa tarakimu 216 juu ya karatasi. Max anaitupa. Kumbe wengi wanaitaka: watu wa Wall Street kusudi watajirike, na kundi la Wayahudi Wahasidi kusudi wapate Jina la kweli la Mungu.

Wasomaji waliojifunza Kiebrania watafurahia mazungumzo ya Max na Lenny, kijana wa kundi lile. Katika Kiebrania kila herufi ni namba vile vile. Baba ni 3, mama ni 41. Ukiwajumlisha unapata 44, na neno «mtoto» ni 44. Hesabu hiyo ni sawa, kila mmoja aweza kuipima mwenyewe. Wala 216 haikuokotwa njiani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 14, mistari mitatu, wa 19 mpaka wa 21, kila mmoja una herufi 72 kwa Kiebrania. Mara tatu ni 216, na mapokeo ya zamani ya Wayahudi yalitoa humo Jina lenye sehemu 72. Filmi inaleta jambo hili bila dharau, na hiyo ni sifa yake.

Lakini yaliyo bora yako kwa mzee Sol, mwalimu wa Max. Yeye mwenyewe alitafuta mpango ndani ya pi kwa miaka mingi, mpaka akapigwa na kiharusi, akaacha. Sasa anacheza Go na mwanafunzi wake, mchezo wa mawe meusi na meupe, naye anamsimulia Archimedes aliyechoka na swali la taji ya mfalme mpaka mke wake akamwambia aende kuoga. Max anaona fundisho la hadithi ni kwamba akili itashinda. Sol anajibu kwamba fundisho ni mke: pumzika, mwanangu. (Vitruvius, aliyetuandikia habari ya taji ile, hamtaji mke. Sol amemwongeza, nasi tunamshukuru.) Baadaye anamwonya kwa ukali: ukitafuta 216 utaiona kila pahali, katika hatua za njiani na katika sekunde za kupanda nyumba, na siku ile utakuwa umeacha kuwa mtu wa hesabu. Tungependa kila mwanafunzi wa filozofia asikie neno hilo. Aliyekwisha kuamua jibu lake hakosi ushahidi kamwe.

Hapa Aronofsky angalitumia pi yenyewe. Lambert alionyesha katika mwaka 1761 kwamba desimali zake haziishi wala hazirudi katika mzunguko, na Lindemann akaongeza neno kubwa zaidi katika mwaka 1882. Filmi haigusi hayo. Inakimbilia konokono na uwiano wa dhahabu, inachanganya vyote katika sufuria moja, na jina «Pi» linabaki kama kibao mlangoni pa nyumba ya mtu mwingine.

Rabi anapomdai Max tarakimu zile, anamweleza Kuhani Mkuu aliyeingia Patakatifu pa Patakatifu kulitamka Jina, na hekalu lililochomwa na Waroma. Jibu la Max lina pande mbili. Kwanza anasema kwamba tarakimu si kitu: wao wangeweza kuandika na kutamka kila namba yenye tarakimu 216, wasipate faida, maana yake ndiyo inayotakiwa. Hapo anasema kweli kuliko wote waliomo chumbani. Kisha anaongeza kwamba alipewa yeye, si wao. Ndiyo kusema, mtu aliyekataa kuuza siri kwa matajiri anaifungia kifuani kama mali yake. Tunaona hapa ugonjwa wake wenyewe, nao si ugonjwa wa hesabu. Kitabu cha Hekima, sura ya 11, kinasifu Mungu aliyepanga viumbe kwa kipimo na kwa hesabu. Kutafuta mpango huo si dhambi.

Ndiyo sababu mwisho unatuudhi. Sol amekwisha kufa kwa kiharusi cha pili. Max anachoma karatasi, anashika mashini ya kutoboa ukuta na kuielekeza kichwani mwake. Kisha tunamwona bustanini, ametulia, anatazama majani ya miti. Filmi inatuambia kwamba amani imeingia kwa tundu lile. Sisi tunakataa. Mzee alikwisha kutoa dawa, kuoga na kupumzika na kukaa na watu, lakini filmi haikuijaribu hata siku moja, ilichagua chuma. Kijana msomi anayeona picha hii aweza kudhani kwamba akili na amani haziwezi kulala nyumba moja, na wako vijana waliochoka kiasi cha kuamini hivyo.

Hata hivyo tuangalie bustanini tena. Jenna, binti mdogo wa jirani mwenye kimashini cha kuhesabu, anamwuliza Max kama zamani: 748 kugawa kwa 238 ni ngapi? Max anacheka tu, hajui. Tulifanya hesabu ile kwa kalamu: ni 22 juu ya 7, namba ambayo watoto wa shule huitumia pahali pa pi. Binti anayo mkononi, anacheza nayo, wala kichwa hakimuumi.