Paka Asiyeulizwa "Unamaliza Lini?"

Filamu za Desemba zina kazi moja tu: kumfikisha mtu nyumbani. Ndege itachelewa, theluji itafunga barabara, baba atasahau zawadi, lakini mwishowe kila mtu atakuwa sebuleni, mti umewashwa taa, mama analia kwa furaha. Hata Home Alone, ile ya 1990 ambayo televisheni zetu huirudia hadi tunajua Kevin atapiga nduru wakati gani, ukiiangalia vizuri ni hadithi ya mama anayepambana kurudi Chicago. Kubaki peke yako, kwa filamu hiyo, ni ajali inayofaa kurekebishwa kabla majina hayajaanza kupanda kwenye skrini.

Sasa angalia Nairobi tarehe 26 Desemba. Barabara ya Thika unaweza kutandika mkeka katikati na ulale. Waliobaki mjini ni walinzi, manesi wa zamu, wenye maduka wanaosema watafunga kesho, watu ambao nauli iliongezeka maradufu wakiwa bado wanahesabu, na kundi lingine dogo lisilozungumziwa sana: wale wenye nauli lakini hawana jibu. Mimi niko hapo mwisho. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na ushago nina mjomba ambaye salamu zake zina maneno mawili tu: "Unamaliza lini?" Hana ubaya. Anauliza vile mtu huuliza kama mvua imenyesha huko mnakotoka. Lakini Krismasi hii nimeamua kubaki kejani na paka mweusi anayeitwa Stima (hupotea bila taarifa), laptopu ya mtumba, na filamu moja ambayo sasa nimeitazama mara nne.

Filamu inaitwa Flow. Ni ya 2024, imetengenezwa na Gints Zilbalodis wa Latvia pamoja na watu wa Ufaransa na Ubelgiji, na Machi 2025 ilishinda Oscar ya katuni bora mbele ya Inside Out 2 na The Wild Robot. Dakika kama themanini na tano. Haina hata neno moja la binadamu, wala binadamu mwenyewe. Paka mwenye rangi ya masizi anaishi kwenye nyumba iliyoachwa msituni, nje kumejaa sanamu za paka zilizochongwa na mtu ambaye hatutamwona kamwe. Maji yanakuja. Yanapanda hadi yanafunika nyumba, sanamu, miti. Paka anaokolewa na mashua ya tanga ambayo ndani yake kuna kapibara, na safari inapoendelea wanaongezeka: lemuri mwenye mkia wa mistari, mbwa aina ya Labrador, na ndege karani, yule mwenye miguu mirefu ambaye ukibahatika unamwona akitembea kwenye nyasi za Nairobi National Park kama mtu anayeelekea kortini.

Ni hayo tu. Wanaelea. Na kwa msimu huu ambapo kila mtu anatakiwa kutoa ripoti ya mwaka mbele ya ukoo, nimeona hii ndiyo filamu ya Krismasi niliyokuwa nikingoja. Hakuna anayemuuliza paka anatoka wapi, anasomea nini, ataoa lini. Hawafiki nyumbani kwa sababu nyumbani kumeenda na maji. Kinachobaki ni swali moja: huyu aliye kando yangu, naweza kulala nikiwa nimemgeuzia mgongo?

Kitu kinachofanya swali hilo liume ni kwamba paka huyu ni paka kweli. Tumezoea paka wa katuni ambao ni watu waliovaa manyoya, wanavaa buti, wanatoa utani, wanaimba. Huyu wa Zilbalodis anapoogopa masikio yanalala, mboni zinapanuka, anajifanya hakuna kitu kilichotokea kisha anaanza kujilamba. Anakataa samaki aliyepewa, halafu anamtaka baada ya mwingine kumtaka. Sauti zenyewe ni za wanyama halisi. Kapibara amefanyiwa ujanja: sauti yake halisi haikufaa, akaazimwa ya mtoto wa ngamia. Stima, ambaye hajawahi kujali chochote kwenye skrini, alisikia mlio wa kwanza wa yule paka akaamka, akaenda nyuma ya laptopu kutafuta nani yuko huko. Hiyo nimeihesabu kama maoni ya mtaalamu.

Kuna filamu nyingine ya paka ambayo watu wataipendekeza, Kedi ya Ceyda Torun (2016), kuhusu paka wa mitaani wa Istanbul. Ni tamu, itazame. Ila pale paka ni mlango wa kufikia watu. Kila paka ana binadamu wa kumfasiria, na binadamu hao wana falsafa nyingi. Flow haina mfasiri. Unabaki na mkia na masikio, ujisomee mwenyewe.

Au umuite mfasiri. Mara ya tatu niliitazama na watoto watatu wa jirani, ambao mama yao alikuwa kazini. Dakika tano za kwanza walikuwa wanangoja mtu aongee. Ya sita, mkubwa wao, msichana wa miaka kama kumi, alichoka kungoja akaanza kusimulia mwenyewe, sauti ya kukwaruza kama DJ Afro, maneno mbio mbio. Mbwa wanaomkimbiza paka wakawa wanamdai pesa. Kapibara akapewa cheo cha landilodi, kwa sababu hulala siku nzima na mashua ni yake. Lemuri, ambaye hukusanya chupa na vioo na kuvipanga kwenye kikapu chake, akawa mama wa mitumba wa Gikomba, na kila alipogusa kile kioo chake watoto walipiga kelele, "Mia! Mia! Bei ni mia!" Nimesoma maoni mengi ya wahakiki wa kigeni kuhusu ukimya wa filamu hii, jinsi ulivyo mtakatifu. Wacha niseme, ukimya huo ni nafasi, na watoto waliokulia karibu na vibanda vya filamu wanajua nafasi ni ya nini.

Lakini maji yalipofika dirishani, msichana aliacha kusimulia. Mdogo wake akauliza, "Si waende wakae kwa kanisa?"

Hapo ndipo nilipoanza kuiona filamu vingine, na ndipo nina ugomvi nayo. Tulikuwa hapa Aprili na Mei 2024. Maji yalipita Mathare na Mukuru, yakaua makumi ya watu Mai Mahiu usiku mmoja, shule zikachelewa kufunguliwa kwa muhula wa pili. Watu walilala makanisani na kwenye madarasa. Kisha mvua ikipungua, likaja agizo kwamba walio kando ya mito waondoke, na tingatinga zikaja kumalizia nyumba ambazo maji yalikuwa yameziacha zimesimama. Kwa mtoto wa mtaa wetu, mafuriko yana vitu viwili ambavyo Flow haina: matope, na mtu anayekuambia uhame.

Maji ya Zilbalodis ni masafi. Ni ya buluu, unaona samaki wa rangi chini kabisa, mwanga unapenya kama kwenye tangazo la hoteli ya Diani. Yanapanda bila sababu na yanashuka bila sababu. Naelewa kwa nini. Anataka hali ya ngano, si taarifa ya habari. Na kuna raha ya macho hapo ambayo sitajifanya sikuipata. Lakini ukiondoa binadamu kwenye gharika unaondoa pia aliyejenga juu ya mkondo, aliyeuza kiwanja mara mbili, aliyeziba mtaro. Gharika inabaki kuwa hali ya hewa. Hiyo ni anasa ya kusimulia ambayo mtu wa Mathare hana, na sidhani filamu inajua kwamba ni anasa.

Kinachoiokoa, kwangu, ni kwamba haina uongo kuhusu bei ya maji kuondoka. Yanaposhuka, wanyama wetu wanapata nchi kavu na yule kiumbe mkubwa kama nyangumi, aliyemuokoa paka mapema kwenye filamu, anabaki msituni amelala ubavu, anapumua kwa shida. Paka anaenda kumwegemea kichwa. Wokovu wako ni ukame wa mwenzako. Hakuna filamu ya Krismasi ya Marekani ambayo ingekubali kuweka hilo dakika kumi kabla ya mwisho.

Sasa niseme kuhusu laptopu, kwa sababu ndiyo iliyonileta kwenye filamu. Flow ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuipakua. Picha zake za mwisho zilitolewa na EEVEE, injini iliyomo humo humo, inayochora kwa sekunde kitu ambacho injini nyingine hukichora kwa dakika au saa. Zilbalodis alijifunza mwenyewe. Filamu yake ndefu ya kwanza, Away ya 2019, aliitengeneza peke yake. Unaweza kukisia habari hizo zilifanya nini kwa vijana wa Nairobi wenye laptopu na bila karatasi ya chuo. Kila mtu alinitumia. "Ona, programu ni ya bure. Na wewe unangoja nini?"

Basi nilipakua. Desemba hii ndiyo hobi yangu. Shuleni tuliambiwa tuandike "uraibu wangu", neno ambalo siku hizi naliona zaidi kwenye mabango ya kuonya kuhusu dawa za kulevya, na baada ya wiki tatu za Blender naanza kuelewa kwa nini neno ni moja. Desturi ni kwamba anayeanza hutengeneza donati. Mimi nimetengeneza mahamri, yenye pembe tatu na ule uwazi wa ndani. Sekunde kumi za mahamri yakizunguka ni picha 240, na laptopu yangu ilihitaji usiku mzima na asubuhi yote, feni ikilia kama posho mill, Stima amelala juu yake kwa sababu ya joto. Yalitoka yakiwa na rangi ya matofali. Nimeyapenda sana.

Lakini sipendi hadithi tunayotumiana. Programu ni ya bure, ndiyo. Filamu iligharimu takriban yuro milioni 3.5 na miaka zaidi ya mitano, kulikuwa na fedha za umma za Latvia, na studio za Ufaransa na Ubelgiji zenye watu wanaolipwa. Kwa Hollywood hizo ni pesa za chai. Kwa kijana wa Umoja ni zote zilizowahi kuwepo. Ukifuta hayo unabaki na motisha ya Januari: kama hujafanikiwa ni uvivu wako. Ni swali lile lile la mjomba, limevaa tu nguo za intaneti. Na hapa kwetu hobi haina ruhusa ya kuwa hobi. Ukisuka kikapu cha kwanza mtu ashakuuliza unauza ngapi.

Inashangaza zaidi kwa sababu filamu yenyewe inapinga hadithi hiyo. Kuna tukio juu ya minara ya mawe: ndege karani, aliyeumizwa bawa kwa kumtetea paka, anaanza kuelea, mwanga unafunguka, anapaa hadi anatoweka. Paka naye ananyanyuka kidogo. Halafu anarudishwa chini, polepole, kwenye jiwe. Filamu haimwadhibu wala haimfariji, inamfuata tu akishuka ngazi kurudi kwa wenzake. Nikiulizwa kwa nini nimeitazama mara nne, ni kwa ajili ya ngazi hizo.

Kama unataka filamu ya kuiweka kando yake, nenda kwa Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018). Nayo inaanza na kurudi nyumbani, lakini Jo anatolewa hospitali kwa sababu dawa zimeshindwa, na kijiji kizima kinaacha shughuli zake kumtengenezea filamu ambamo yeye ni shujaa mwenye nguvu za ajabu. Vifaa ni vya kuokoteza, uigizaji wa wanakijiji ni vituko. Hakuna anayeuliza itauza ngapi. Ni filamu kuhusu hobi kuliko zote ninazozijua, na Kenya iliichagua kutuwakilisha kwenye Oscar.

Jambo moja la mwisho kuhusu Flow. Majina yakiisha kupanda, kuna kipande kifupi: kiumbe kama nyangumi anaibuka baharini, jua likimulika. Msichana wa jirani alishangilia, na mdogo wake akasema alijua tu. Mimi ningekikata. Dakika chache zilizopita filamu ilikuwa imenionyesha bei, sasa inanirudishia chenji ambayo sikuidai. Tulibishana kuhusu hilo hadi mama yao alipogonga mlango, na wao walikuwa wawili, dhidi yangu na Stima, ambaye alikuwa amelala.