Kubadilisha Muamala wa Bitcoin Unaosubiri: Kanuni Zilivyogeuzwa Hatua kwa Hatua

Muamala wa Bitcoin huthibitishwa pale mchimbaji anapouingiza kwenye bloku. Kabla ya hapo husubiri katika kumbukumbu za nodi, yaani kompyuta zinazoendesha mtandao, na kila nodi hujiamulia ipokee na kusambaza miamala ipi. Kwa sababu hiyo, kanuni za kubadilisha miamala inayosubiri ziliweza kugeuzwa kidogo kidogo bila kuupasua mtandao.

Programu ya awali ya Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, iliruhusu mabadiliko hayo kupitia namba ya mfuatano iliyo ndani ya muamala. Mwaka 2010 mlango huo ulifungwa, kwani mtu angeweza kuuelemea mtandao kwa matoleo mengi ya muamala uleule bila kulipia usambazaji wake. Ikabaki desturi ya kumpa haki aliyetangulia: muamala uliofika kwanza ulipokewa, na mwingine wenye kutumia sarafu zilezile ukakataliwa.

Desturi hiyo iliwakwamisha waliolipa ada ndogo, kwani hawakuweza kuubadilisha muamala wao kwa mwingine wenye ada kubwa zaidi. Desemba 2015 David Harding na Peter Todd waliandika pendekezo BIP 125, nalo likatekelezwa katika programu ya nodi iitwayo Bitcoin Core, toleo la 0.12.0, Februari 2016. Mtumaji aliweka ishara katika namba ya mfuatano kuonyesha kwamba muamala wake unaweza kubadilishwa. Hofu ya mwaka 2010 ilijibiwa kwa masharti ya gharama: muamala mpya ulipe ada inayozidi jumla ya ada za miamala unayoiondoa, ulipie na usambazaji wake wenyewe, na usiondoe miamala zaidi ya 100.

Ishara hiyo iliwatuliza wafanyabiashara waliotoa bidhaa kabla ya uthibitisho. Hata hivyo, hakuna kilichomzuia mchimbaji kuchagua muamala wenye ada kubwa zaidi, uwe na ishara au usiwe nayo. Mwishoni mwa 2022 toleo la 24 la Bitcoin Core lilimpa mwendeshaji wa nodi hiari ya kupuuza ishara, ingawa kwa kawaida hiari hiyo ilikuwa imezimwa. Wafanyabiashara hao walipinga. Baadaye wachimbaji wengi waliikubali kanuni hiyo ya kupuuza ishara, na Oktoba 2024 toleo la 28.0 likaiwasha kwa kila asiyeizima. Aprili 2025 toleo la 29.0 liliondoa hata hiari ya kuizima.

Masharti ya ada yamebaki; kilichoondoka ni ulazima wa ishara. Kwa hiyo muuzaji anayepokea Bitcoin hana budi kusubiri uthibitisho kabla ya kukabidhi mali.