Neno "will" na matakwa ya marehemu

Wapo wenzetu, na hata baadhi ya walimu wetu, wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa sababu neno moja la Kiingereza hulazimika kufasiriwa kwa maneno matano. Mfano wanaoupenda ni "will". Eti neno lenye herufi nne tu hubeba wakati ujao, utashi, hiari, ashiki na wosia, Shakespeare akavichezea vyote kwa pamoja, na mfasiri wa Kiswahili akabaki mikono mitupu. Mwandishi wa makala haya anaipinga hoja hiyo, ingawa si yote.

Tuanze na asili. "Will" ya wakati ujao ilitokana na kitenzi cha kutaka. Mjerumani mpaka leo akisema "er will" ana maana ya "anataka". Sasa hebu tujiangalie wenyewe. Kiambishi chetu -ta- nacho kimetokana na -taka, na ushahidi uko mdomoni mwetu kila siku: twasema "atakuja", lakini tukitia kirejeshi, "taka" nzima hurudi: "atakayekuja". Utashi ni mtoto wa -taka, na matakwa vilevile. Ukoo wote huo upo, jamani, ila hatujazoea kuutazama kama ukoo. Asiyekuwemo ni hati ya marehemu, ambayo jina lake tuliliazima kwa Waarabu: wosia, au wasia.

Na hapo ndipo penye kazi. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili zenye tatizo hili: Juliasi Kaizari (1963, akairekebisha 1969) na Mabepari wa Venisi (1969). Sikusudii kuzipima tafsiri hizo mstari kwa mstari. Nataka tuone tatizo lilivyo.

Katika tendo la pili la tamthilia ya Kaizari, mtawala huyu anaulizwa sababu ya kutokwenda kwenye Baraza la Seneti. Anajibu kwamba sababu ni "will" yake, basi, na baraza liridhike. Katika tendo la tatu ameshauawa, na Antony anawaonyesha watu karatasi yenye muhuri: hiyo nayo ni "will" ya Kaizari. Umati unaidai, yeye anawazungusha, wanazidi kuidai. Mwishowe wanasikia kwamba kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, pamoja na bustani za kando ya mto Tiber. Utashi uliochomwa visu umerudi katika umbo la hati, nao unawafukuza wauaji mjini. Kwa Kiswahili utashi na wosia havigusani. Tukisema "matakwa" hatupati kitu, maana hakuna umati utakaopiga kelele eti usomewe matakwa. Hapa nakubali, tumepoteza.

Lakini kwa Portia mambo ni mengine. Binti huyu wa Belmont ana mali na akili, ila hawezi kumchagua mume wala kumkataa, kwa sababu baba yake marehemu ameacha sharti: mchumba achague kati ya kasha la dhahabu, la fedha na la risasi (madini, si ya bunduki). Portia analalamika kwa kulitumia neno letu mara mbili: "will" ya binti aliye hai imefungwa na "will" ya baba aliyekufa. Wanaosema Kiswahili hakiwezi hapa hawajakaa msibani. Matakwa ya binti, matakwa ya marehemu: neno ni lilelile, na msikilizaji yeyote anajua kwamba matakwa ya marehemu hayapingwi.

Soneti za 135 na 136, zilizochapishwa 1609, nitazipitia mbio tu. Humo "will" ni ashiki, ni viungo vya siri, tena ni jina la William mwenyewe. Jina halifasiriki. Ila neno "mapenzi", ambalo Wakristo wetu hulitumia kwa utashi wa Mungu na sisi sote kwa mambo ya vijana, lingefika mbali.

Tena kuna deni la upande wa pili, nalo hatuwadai Waingereza. Wosia wetu si hati ya mali tu. Ni mawaidha pia. Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wosia mnamo 1858, na huo hauna makasha wala urithi wa kugawa: ni maneno ya mama kwa mwanawe juu ya dini, adabu na mume. Tunaweza kugombana naye kuhusu utii anaoudai, na katika semina tumegombana sana, lakini angalau anamkalisha binti na kusema naye. Baba wa Portia ameacha mawaidha pia, yaliyoandikwa na kutiwa ndani ya yale makasha matatu. Yote yanawaambia wachumba. Ukiandika "wosia wa baba", msikilizaji wa Lamu au Mombasa atangoja neno la baba kwa binti yake, na pazia litafungwa kabla halijaja.