Fani Chumba Chake, Maudhui Chumba Chake

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, ufikapo wakati wa kuandika tasnifu juu ya ushairi, aghalabu huigawa kazi yake mafungu mawili: sura ya fani na sura ya maudhui. Mgawo huo ulishika nguvu tangu miaka ya 1970, na ulikuwa na faida yake, maana ulimzuia mhakiki asihesabu vina tu akawasahau watu waliomo shairini. Lakini sasa umekuwa ada, na ada hiyo yadhuru.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi tusingekuwa nazo lau si Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza, waliozikusanya. William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940. Tasnifu moja niliyopewa kuitahini ilisema, katika sura ya tatu, kwamba shairi la Muyaka lina mishororo minne, na kila mshororo mizani 16, nane kwa nane. Kweli. Sura ya nne ikasema kwamba Muyaka aliitetea Mombasa ya Wamazrui dhidi ya Seyyid Said. Kweli pia. Baina ya kweli hizo mbili, shairi lenyewe lilikuwa limepotea.

Kwani mshororo wa nne hufanya kazi gani? Mitatu ya kwanza huishia kina kimoja. Sikio hukizoea, likakingoja. Kisha wa nne mara nyingi hukiacha na kutua penginepo. Tishio au dhihaka ikiwekwa hapo, humpata mlengwa akiwa hakujikinga, naye hana budi kujibu, kwa kuwa tungo nyingi za aina hii zilikuwa maneno baina ya watu waliojuana. Je, badiliko hilo la kina ni fani au ni maudhui? Nilipomwuliza mtahiniwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, jambo hilo halina sura yake.”

Alijibu kwa unyofu, nami sikumlaumu. Ramani ya nyumba tulimpa sisi, na yangu mwenyewe, zamani, niliijenga vivyo hivyo. Tulimpa alama za kufaulu. Tasnifu iko maktabani, na mwaka huu wanafunzi wawili wameiazima ili waone jinsi sura zinavyopangwa.