Kichwa cha Vijayanta kwenye Vickers ya Kagio

Walioiona Vickers ile ya Kagio wanajua ninachosema. Ni kifaru cha kipimo cha 1 kwa 16, kimeundwa chote kwa mkono kwa bati za mikebe, waya na mpira wa tyubu. Waliokisifu hawakukosea. Bodi imenyooka, magurudumu 6 ya kila upande yamekaa kwenye mstari mmoja, sproketi iko nyuma inakostahili, na mnyororo umelegea kidogo kati ya roli 3 za juu. Tundu la mzinga wa milimita 105 limetobolewa kwa milimita 6 na nusu, sawasawa. Turubai la karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi nalo limekubali. Basi twende kichwani, maana ndipo kazi ilipoharibikia.

Uso wa kichwa kile umeundwa kwa vipande bapa vya bati vilivyokutanishwa kwa pembe kali, halafu kila kiungo kikatiwa mshono wa kuchomelea. Mshono wenyewe ni kazi ya fundi: uzi mwembamba wa Araldite, umedonolewa kwa ncha ya sindano kabla haujakauka, hata mtu wa welding angeutambua. Tatizo ni kwamba kwenye kifaru chenyewe mshono huo haupo. Vickers Mk 3, ambazo Kenya ilianza kuziagiza mwaka 1977, zina kichwa chenye uso wa chuma cha kusubu. Chuma kiliyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, kikatoka na mabega ya mviringo, ndipo kikachomelewa kwenye mabamba ya ubavuni. Mshono unaanzia pale uso unapokutana na ubavu. Kuuzunguka mzinga hakuna kitu. Kichwa cha mabamba matupu ni cha Mk 1, ile ambayo India iliiita Vijayanta na kuanza kuiunda Avadi, karibu na Madras, mwaka 1965. Kwa hivyo jamaa ametuundia kifaru cha India, akakipaka rangi ya jeshi la Kenya, na watu wakapiga makofi.

Utetezi ninaujua: bati ni bapa. Kweli, bati hukubali kupindwa upande mmoja, na ukililazimisha upande wa pili linakunjamana. Lakini ni nani aliyemfunga kwenye bati? Hapo hapo Kagio, kando ya barabara ya Sagana kwenda Kutus, wapo mafundi wa bodi wanaosawazisha matatu zilizobonyea kwa fila. Angechonga kipande cha mbao laini kikapata mabega, akakipaka fila, akapiga msasa. Tabaka la mwisho, kabla halijashika, angelidonoa kwa mswaki mkuukuu. Vile vinundu vinavyobaki ndivyo ngozi ya chuma cha kusubu. Viwe vidogo: taa ikimulika kutoka ubavuni vionekane, ikimulika kutoka mbele vipotee. Alikuwa na mkono wa kuifanya kazi hiyo. Alichagua mshono kwa sababu mshono ndio anaoujua na ndio unaosifiwa.

Shep Paine, yule Mmarekani aliyefariki mwaka 2015, ambaye vikaratasi vyake vya miaka ya 1970 ndani ya masanduku ya modeli za Monogram vilifundisha kizazi kizima kuziunda, asingenaswa na mtego huu. Kazi zake ni za mtu aliyeanza na picha, mkono ukafuata. Wala tusiende mbali. Wavulana wa zamani wa Karatina waliopinda waya ikawa Land Rover, na magurudumu ya soli za ndala, walijua kwamba taa za Land Rover ya kale zilikaa katikati, si kwenye madigadi. Hawakuwa na picha. Waliitazama gari ikipita.

Halafu kuna kutu. Nimelisema hili na nitaendelea kulisema: kifaru kinachotunzwa na jeshi hakichakai kama paa la banda la kuku. Kutu ya rangi ya chungwa imemwagwa hadi kwenye mabamba yaliyopakwa rangi, wakati mnyororo, ambao kweli hushika kutu ya kahawia na kung'aa unapokanyaga, umeachwa mweusi mtupu. Na udongo ule aliopaka chini ni udongo mweusi wa Mwea. Vickers za jeshi kule Isiolo hazilimi mpunga.

Kinachonipa moyo ni kwamba kichwa hakikugandishwa kwenye bodi. Kinazunguka, kwa hivyo kinang'oka. Ubavu na nyuma viachwe vilivyo. Uso pekee ukatwe, uundwe upya kwa fila. Abakishe mshono unaoshuka pale fila itakapokutana na bati, na mingine ya mbele iende na msasa, pamoja na ule wa juu ya mzinga, ambao najua utamuuma kuliko yote kwa sababu ndio uliokichelewesha kifaru wiki nzima.